Mgeni Asiyepiga Hodi

Asubuhi hiyo Bashira, mwalimu mgeni wa darasa la pili, alimwambia bibi aliyekaa naye garini kwamba watoto wasipotulia leo, ataacha kazi.

"Wategee kitendawili, mwanangu," akasema Bi Mwanakhamis.

"Watoto wa siku hizi hawanyamazi kwa kitendawili, bibi."

"Haya. Kitendawili."

"Tega," gari zima likaitika, dereva naye.

"Mgeni wangu hapigi hodi, na akiondoka haagi."

Abiria wote wakaanza kuwaza jibu. Hata utingo akasahau nauli. Kiti cha nyuma, mjane mmoja aitwaye Time akainamisha uso. Marehemu mumewe alikuwa akimtegea hicho hicho kila wakishakula, naye akijua fika kuwa ni usingizi, lakini akijifanya hajui ili amsikie akicheka. Leo pia hakusema.

"Watoto hawana subira hiyo," Bashira akashikilia, gari liliposimama mbele ya skuli. Akashuka, akaenda kidogo, kisha akarudi dirishani.

"Bibi, jibu lake?"

"Nipe mji."

"Chukua Matemwe."

"Huko ndiko kwetu, nshakuchoka. Nipe mwengine."

Time akacheka kwa sauti, mara ya kwanza tangu atoke eda. Kengele ya skuli ikalia, na mwalimu bado yuko dirishani, anatafuta mji.