Afande Lakica Anakabidhi Zamu na Vitabu Vyake

Ijumaa tarehe 30 Januari 2026, Afande Lakica Adoch anastaafu baada ya miaka ishirini na sita katika kampuni yetu ya ulinzi hapa Kamwokya, Kampala. Wengi wetu tuliisikia sauti yake kwenye redio kabla hatujamwona, na tukaanza kumwogopa hapo hapo.

Ni mtoto wa askari polisi, mzaliwa wa Kitgum aliyekulia kambini Naguru. Alianza kazi langoni, akapanda hadi kuwa msimamizi wa chumba cha redio. Ndiye aliyetufundisha kwamba anayekabidhi zamu hutaja hata yaliyomshinda.

Sheria hiyo hakuiacha kazini tu. Kila Desemba, kwenye chai ya kufunga mwaka, alisimama akatukabidhi vitabu alivyosoma: kipi kilihojiwa hadi mwisho, kipi kiliachiwa kwa kukosa ushahidi. Kitabu cha mapishi kilichomharibia samaki wa Pasaka alikihukumu kifungo cha maisha juu ya kabati. Tulicheka, lakini hakuwa anatania tu. Mwaka mmoja alituambia amegundua kwamba tangu afiwe na mumewe anasoma habari za safari tu. Mwaka uliofuata vilikuwa vitabu vya kilimo, tukafurahi kwamba sasa anataka kukaa mahali pamoja.

Mwaka jana mtoto wa jicho alimfunika macho yote mawili. Redio aliimudu kwa masikio, ila kurasa zilimkataa. Basi saa ya chai tukawa tunamsomea. Vera, mhasibu wetu kutoka Kenya, alisoma kama anayekimbia mvua. Ojera wa langoni alisoma kama anatoa ushahidi, kidole kwenye mstari, na alipofika kwenye mapenzi akafunga kitabu: "Afande, hapa mimi siwezi soma. Wewe ni kama mama yangu." Vera aliitwa mara moja. Haba na haba, vitabu vikaisha.

Desemba ilipofika, Afande akatangaza kwamba hakuna ripoti. Kusomewa si kusoma, alisema, na mlinzi asiyekuwa langoni hakabidhi lango. Aliketi na kikombe chake, uso chini. Ilituuma kuona mwaka wake wa mwisho ukiisha hivyo, kana kwamba haukuwa na kitu.

Ojera, ambaye kwa kawaida maneno yake ni machache, ndiye aliyesimama. "Afande, mimi nilisoma na mdomo tu. Macho ilikuwa inatafuta neno ya mbele. Hii kitabu inasema nini, mimi sijui. Wewe ndiye ulisikia. Toa ripoti, na mimi nijue nilisoma nini."

Afande alicheka hadi akafuta machozi, kisha akasimama. Alieleza kila kitabu, na Ojera akasikiliza mdomo wazi, akiuliza kama kweli yule kaka wa kwenye kitabu kimojawapo alimsamehe mdogo wake.

Mwezi ujao Afande anafanyiwa upasuaji wa macho, nasi tunamwombea. Asante kwa ukali wako, Afande, na kwa upendo uliojificha ndani yake. Nenda kapumzike, uishi maisha marefu na mema. Lakini Desemba usikose kuja kwenye chai: Ojera ameanza kitabu kingine peke yake, na anasema safari hii ripoti ni yake.