Goti na Setilaiti

Kwenye basi la kwenda mjini Tunuyán, kiti cha mbele yangu, Bi Ercilia alikuwa akimtambia mzee aliyekaa naye, ambaye hata jina lake halijui, jinsi mizabibu yake ilivyopona jalidi ya juzi, ile baridi ya kugandisha.

"Picha za setilaiti kwenye simu zilinionyesha kona ya bondeni imechipua mapema, na kipima hali ya hewa kikasema baridi itatua palepale. Nikawasha moto kwenye makopo ya mafuta kona ile tu, kuipasha mizabibu joto. Majirani wakanicheka! Leo machipukizi yao meusi tii, yangu yanameremeta!"

"Bahati tu, mama," alisema mzee. "Mimi goti hili ndilo hunijulisha jalidi ikija, miaka yote."

"Na juzi lilikujulisha?"

Mzee akatazama dirishani. "Juzi nilikuwa nimelichua dawa."

Basi zima likaangua kicheko, na mimi sikubaki nyuma. Ercilia akainua simu yake juu kama kombe la ubingwa. "Hii haichuliwi dawa, mzee wangu!"

"Bahati!" alishikilia mzee.

Basi liliposimama kituo cha mzee, aliburuta gunia lililojaa makopo mapya ya mafuta, yakigongana. Mlangoni akageuka.

"Hebu, mama. Hiyo bahati yako, inasemaje kuhusu leo?"