Turubai la Washirika Hai

FUNDI: Haloo! Nani mwenzangu? Paza sauti, niko kwenye cherehani.

MZEE: Ni mimi, binti yangu. Bwana asifiwe!

FUNDI: Amina. Wewe nani?

MZEE: Mzee wa kanisa. Mwenyekiti wa baraza. Kumbe hata sauti yangu umeisahau?

FUNDI: Ahaa! Mzee Kanuni!

MZEE: Hilo jina silipendi, na unajua.

FUNDI: Nani analipenda lake? Mimi mnaniita Fundi Viraka, na suti nashona. Haya, habari za nyumbani?

MZEE: Nzuri. Tunamshukuru Mungu.

FUNDI: Nzuri kabisa?

MZEE: Tunamshukuru tu. Sikiliza, nimekupigia kwa jambo la huduma. Wewe ndiye unayeongoza kamati ya huduma siku hizi, na ufunguo wa stoo uko kwako—

FUNDI: Uko kiunoni hapa.

MZEE: —na Jumamosi tuna kikao cha kupanga namna kanisa litakavyowahudumia washirika na mtaa. Sasa mimi nimekaa, nikatafakari. Turubai letu lile kubwa, na viti vile vyote, kwa nini viwe vya washirika hai peke yao? Kanisa si la mtaa mzima?

FUNDI: Makubwa haya! Maono hayo yamekushukia lini?

MZEE: Leo asubuhi.

FUNDI: Leo leo?

MZEE: Katika maombi.

FUNDI: Mungu ni mwema. Basi yalete Jumamosi tuyajadili.

MZEE: Jumamosi mbali, binti yangu. Mimi naona tuanze leo, kwa majaribio. Nyumba moja tu, halafu—

FUNDI: Ngoja, mzee, ngoja, kuna mteja. Karibu dada, sogeza hivyo vitambaa ukae. Gauni lako limebaki pindo. Haya mzee, umefika wapi?

MZEE: Kwenye majaribio. Naomba twende mbio kidogo, salio langu ni la kuokoteza.

FUNDI: Haraka haraka haina baraka, wewe ndiye ulituhubiria. Nyumba ya nani hiyo ya majaribio?

MZEE: Ya jirani mmoja.

FUNDI: Jirani gani? Mtaa huu nawajua hadi kuku wao.

MZEE: Ni... jirani tu ambaye haji kanisani. Kuna msiba.

FUNDI: Ooo. Haji kanisani kabisa?

MZEE: Hakuwa mhudhuriaji, tuseme.

FUNDI: Basi turubai atalipataje? Kanuni ni yako. Uliiandika, ukaisoma madhabahuni, ukatuambia tuseme amina. Mimi mtunza ufunguo, nitaivunja kwa kichwa gani?

MZEE: Kanuni ni ya watu, siyo— haloo? Unanisikia?

FUNDI: Unakwaruza. Hebu sogea penye mtandao.

MZEE: [mkwaruzo] ...niko nje ya mochari. Sasa je?

FUNDI: Sasa nakusikia vizuri. Umesema uko nje ya wapi?

MZEE: Mochari.

FUNDI: Unafanya nini huko, na habari za nyumbani ni nzuri?

MZEE: Fundi, usinifanyie hivi.

FUNDI: Nifanye nini? Nauliza tu.

MZEE: Ni mdogo wangu.

FUNDI: Yupi?

MZEE: Unamjua! Ninaye mmoja tu, fundi baiskeli wa pale njia panda. Amefariki alfajiri. Tunamtoa sasa hivi, tunazika leo jioni nyumbani kwake, na wingu limefunga huku hadi kunaogopesha. Ule uwanja wake hauna hata mti. Watu watakaa wapi? Jeneza nitaliweka wapi?

FUNDI: Mm.

MZEE: Mm tu? Hata pole hunipi?

FUNDI: Pole? Mimi ya kwangu bado naisubiri, tangu tulipomzika mama.

MZEE: [kimya]

FUNDI: Mzee, usinyamaze, salio linakwenda bure. Siku ile nilikuja mpaka mlango wa stoo. Viatu vimejaa tope. Wewe ulikuwa na ufunguo mkononi, umesimama pale pale mlangoni. Uliniambia nini?

MZEE: Ni mambo ya zamani hayo.

FUNDI: Kwako. Uliniambia nini?

MZEE: Nilisema... kuna utaratibu.

FUNDI: Hukusema utaratibu! Hebu sema kama ulivyosema. Mimi nangoja, nina pindo refu hapa la kumalizia.

MZEE: Binti yangu, wanamleta sasa hivi, gari linageuza—

FUNDI: Sema.

MZEE: Nilisema kanisa si duka la kukodisha viti.

FUNDI: Na?

MZEE: Na asiyeonekana ibadani akiwa hai, asitafute kiti chetu akifa.

FUNDI: Ehee! Hapo ndipo. Na mama yangu alikuwa kitandani na kiharusi, upande mzima umekufa, kulishwa analishwa kwa kijiko. Angeonekanaje ibadani? Nimbebe mgongoni kama gunia la mkaa? Mlikuja kumwona hata mara moja? Mara moja, mzee!

MZEE: Hatukuja.

FUNDI: Mvua ikatupiga. Shangazi yangu, mtu mzima yule, akakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa. Wakwe zangu wamebanana chini ya upenu kama nguo zilizoanikwa. Na viti vyenu vimepangwa stoo, vikavu! Nikachukua nailoni ya kufunikia vitambaa vya wateja, nikamfunikia mama. Nilikuchukia siku ile. Nakuchukia mpaka leo, na Jumapili nakupa mkono wa amani.

MZEE: Una haki.

FUNDI: Sijauliza kama nina haki.

MZEE: Basi nakuomba. Nimewapigia wazee wote wa baraza hawapokei. Mchungaji amesafiri, naye anasema nizungumze na wewe. Nakuomba turubai, Fundi. Viti tutakosa, watu watasimama. Turubai tu. Ameteseka vya kutosha, asinyeshewe.

FUNDI: Rudia.

MZEE: Nakuomba.

FUNDI: Tena. Mtandao mbaya.

MZEE: Nakuomba, mwanangu! Unataka nipige magoti hapa kwenye kokoto? Watu wananitazama!

FUNDI: Aisee. Nimeisubiri hiyo mpaka nimeota mvi.

MZEE: Sasa utanipa au hunipi?

FUNDI: Turubai halipo stoo.

MZEE: Halipo? Limekwenda wapi?

FUNDI: Liko uwanjani kwa mdogo wako. Limesimama tangu asubuhi, kamba zimekazwa, viti vimepangwa. Akina mama wa kwaya wako jikoni wanabandika masufuria.

MZEE: Unasema nini?

FUNDI: Habari za msiba zilitufikia kwenye sala ya asubuhi, tukakaa, kamati nzima. Kanuni yako tumeitoa, wote mikono juu. Kuanzia leo mwenye msiba ni mwenye msiba, awe wetu asiwe wetu. Mchungaji amebariki kwa simu.

MZEE: Na hawakuniambia?

FUNDI: Niliwakataza wote, kamati na wazee wa baraza. Nikawaambia akipiga msipokee, mwacheni aje kwangu.

MZEE: Kwa nini?

FUNDI: Nilitaka uombe.

MZEE: Umeniacha nilie hapa mbele ya watu, nikiomba kitu ambacho nimeshapewa?

FUNDI: Wewe hujapewa kitu! Usijichanganye. Amepewa yeye. Unajua siku ile nailoni nani aliishika? Upepo unaipeperusha, watoto wa watu wamekimbia. Mdogo wako alitoka pale njia panda na mikono yake ya grisi, pombe inamnuka, akashika ncha mbili, mimi nikashika mbili. Hakuachia mpaka tumefika kaburini. Anatetemeka, anaimba ovyo, hataki kupumzika. Hakuniuliza mama alikuwa akisali wapi.

MZEE: Sikujua.

FUNDI: Ungejuaje? Hukuja.

MZEE: Hakuwahi kuniambia.

FUNDI: Mlikuwa mnaongea?

MZEE: Hatukuwa tunaongea.

FUNDI: Haya. Nitafika huko nikimaliza gauni hili. Nitakaa mbele kabisa, na kiti changu utaniletea wewe. Usitume mtu. Wewe, kwa mkono wako, wote wakiona.

MZEE: Nitaleta.

FUNDI: Na ukifute, kama kimelowa.

MZEE: Nitakifuta. [mkwaruzo] Gari limefika, wananiita. Lakini binti yangu, kuhusu mama yako—

FUNDI: Nenda, gari linakusubiri.

MZEE: Hapana, niache niseme. Limenikaa kooni siku nyingi. Siku ile ulipogeuka pale mlangoni, mimi nilitaka ku—

FUNDI: Kufanya nini?

FUNDI: Mzee? Ulitaka kufanya nini? Haloo?

FUNDI: Haloo! Salio lake limeisha. Nimelimaliza mwenyewe.

FUNDI: Dada, samahani, gauni nakumalizia sasa hivi. Simu yako ina salio?