Acha na Achia: Tunamkumbuka Mize Jabir

Wasikilizaji wapendwa, anayepika apunguze moto, anayeendesha gari apunguze mwendo. Leo tunamkumbuka Mize Jabir, mwana wa Tanga, aliyeuawa na mzigo ghalani hapa ugenini, Smithfield, mwaka 2021, katikati ya lokdauni. Nitasimulia alivyokufa. Kuna damu humu, na hasira ninayo, sitaificha. Mwenye watoto karibu awatoe.

Mize alizaliwa kwenye kambi ya mkonge. Kule Tanga, kabla dunia haijaujua ugonjwa huu, korona lilikuwa jina la mashine ya kuchakata mkonge. Korona ilimla baba yake mkono hadi kiwiko. Mize alikuwa amempelekea chai. Aliuona mkono wa baba ukitokea upande wa pili, umechanika pamoja na majani. Bosi akasema mzee ni mzembe.

Mama yake, Bi Muna, aliniambia kwa simu: "Tangu siku ile mwanangu akawa na ugomvi na mashine. Kila akiiona mpya anauliza, hapa mkono wa mtu unapita wapi?"

Ndiyo kazi aliyoisomea. Egonomia. Jina gumu, jambo jepesi: kazi ipimwe kwa mwili wa mtu. Meza imfikie, mzigo usimvunje mgongo, agizo lisikike. Pale ghalani aliajiriwa kupanga safari ya bidhaa kutoka lori hadi rafu, zitoke haraka na mtu asiumie.

Wapakiaji walikuwa Wakenya, Wakongomani, Warundi na sisi wa pwani. Winchi, ile mashine ya kuinua na kushusha mizigo, waliiendesha kwa Kiswahili. Aliye chini akisema "Achia", mzigo unateremka. Akisema "Acha", winchi inasimama. Walitazamana midomo, wakaelewana. Kisha zikaja barakoa. Hebu wewe unayenisikiliza, funika mdomo na kanga, useme acha, halafu useme achia. Umesikia tofauti? Sasa ongeza kelele za ghala zima.

Mize aliiona hatari mapema. Akamwendea msimamizi, Clifford, Mkenya. "Kaka Clifford, neno la kusimamisha liwe simama. Na nipe shifti nzima watu wafanye mazoezi. Mtu akishtuka hachagui neno. Linamtoka alilolizoea."

Clifford akacheka. "Dada, wacha hizo. Oda zimejaa mpaka mlangoni. Wiki ijayo tutaona."

Wiki ijayo, eti!

Hiyo wiki haijafika, Elkana, Mrundi, baba wa mapacha, akainama kunyoosha paleti, kile kichanja cha mbao cha kupangia mizigo. Mzigo ukayumba. Akapiga ukelele, "Acha!" Ephraim, aliyekuwa kwenye vitufe vya winchi, akasikia achia. Paleti nzima ya makopo ya nyanya ikamshukia Elkana mkononi. Vidole vilisagika. Wenzake wanasema mlio wa mifupa ulizidi kelele za winchi.

Clifford akaagiza sakafu imwagiwe maji, kazi iendelee. Jamani, damu ya mtu bado ya moto! Mize akachukua nyundo, akalipiga sanduku la swichi ya winchi mpaka likapasuka, cheche zikamrukia usoni. Clifford akamkamata mkono. Mize akamsukuma, Clifford akaenda chali juu ya maboksi. "Iendeshe sasa," akamwambia. "Iendeshe nikuone!"

Sanduku lilitengenezwa siku ileile. Na ukutani ikabandikwa karatasi: SEMENI SIMAMA. Basi. Shifti ya mazoezi Mize aliyoiomba, hakupewa.

Siku chache baadaye watu walikuwa pungufu, wengine wamejitenga nyumbani kwa ugonjwa. Mize akakataa mtu mwingine asimame chini ya winchi. Akaingia mwenyewe. Kamba ikajipinda, mzigo ukamgeukia. Na Mize, yeye aliyelipigania neno simama mpaka akavunja sanduku, alishtuka. Likamtoka alilolizoea tangu Tanga.

"Acha!"

Ephraim akaachia.

Alivyokutwa chini ya ule mzigo sitaeleza, nimeshindwa. Ephraim aliniambia: "Dada, nilimsikia vizuri kabisa. Nilisikia achia. Hata sasa, nikifumba macho, nasikia achia." Akalia mpaka nami nikalia naye.

Waliruhusiwa watu wachache tu makaburini. Mumewe, Faisal, alimshusha kaburini na barakoa usoni. Elkana alisimama nje ya uzio, mkono kwenye bandeji, akiomba dua kwa Kirundi. Mipaka ilikuwa imefungwa. Bi Muna aliona mazishi ya mwanawe kwenye simu, tena picha inakatika.

Tunawapa pole Bi Muna, Faisal, na wote waliofanya kazi na Mize. Mwenyezi Mungu amrehemu, amlaze pema. Na wewe unayesimamia watu, Smithfield, Villawood, popote ulipo, kabla hujaongeza mwendo nenda kasimame mwenyewe pale anaposimama mfanyakazi wako. Sikiliza anachokisikia yeye. Tafakari.

Nilipokuwa namuaga Bi Muna, nilimfariji kama tunavyofarijiana sote. Nikamwambia, mama, tutafanyaje, kazi ya Mungu haina makosa.

"Ya Mungu haina makosa, mwanangu," akasema. "Hii ilikuwa kazi ya Clifford."