Dumu la Mnadani

NAFTALI: Haloo? Nani mwenzangu?

MAGRETH: Nani mwenzako. Namba ya dada yako imefutika kwenye simu au imefutika moyoni?

NAFTALI: Aa, Magreth. Kioo kimepasuka, sioni majina. Hamjambo huko mjini Sombetini?

MAGRETH: Shikamoo kaka.

NAFTALI: Marahaba. Watoto?

MAGRETH: Wazima. Wanakula makande bila tone la mafuta, mdogo ameniuliza wamekosa nini. Wifi Susana?

NAFTALI: Yupo hapa, anamenya ndizi. Kazi yetu ni hiyo tu, kumenya ndizi. Tangu daraja libomoke lori halijapanda huku, vinapita vigari vidogo na bodaboda tu, zinaivia mgombani. Hata ng'ombe wakituona na mkungu wanageuka.

MAGRETH: Na huku mkungu mmoja unauzwa kama kiwanja cha Lemara. Mungu kagawa vizuri, kasahau lori tu.

NAFTALI: Usimwingize Mungu kwenye—

MAGRETH: Namwingiza, leo si Jumapili? Ibada imekwisha?

NAFTALI: Imekwisha. Mahubiri yalikuwa mazito. Mchungaji kaongelea utoaji, lakini kwa upana, siyo—

MAGRETH: Kaka, dumu langu liko wapi?

[simu inakwaruza]

NAFTALI: Unasemaje? Huku mtandao wa mlimani, unajua tena.

MAGRETH: Nasema hivi. Alhamisi ulinipigia wewe mwenyewe. Ukasema mtoto wa mzee Ephraimu, yule dereva wa lori, kafika nyumbani salama baada ya kulala wiki mbili kwenye foleni ya malori pale darajani. Baba yake atamshukuru Mungu kwa kutoa dumu la mafuta ya kula kanisani, nalo litanadiwa baada ya ibada. Nikakutumia hela yote iliyokuwemo ndani. Ukasema, Magreth, hesabu hilo dumu ni lako, labda Yesu arudi Jumamosi.

NAFTALI: Hakurudi.

MAGRETH: Ndiyo maana nauliza.

NAFTALI: Kwani madukani bado hakuna kabisa?

MAGRETH: Yapo, kwa Mangi hapo kona. Anapima kwa kizibo cha soda. Tena anakuuliza kwanza unapikia nini, akiona jibu halimridhishi anafunga chupa. Ukimuuliza mzigo unakuja lini anasema meli iko baharini. Mwezi mzima iko baharini. Hiyo meli ilileta mafuta au ilikuja kuvua?

NAFTALI: [anacheka kidogo] Mambo ya dunia hayo, Magreth.

MAGRETH: Ya dunia yanaishia kwenye karai langu. Wiki nzima mafundi wa pale saiti ya ujenzi nimewapelekea viazi vitamu vya kuchemsha. Msimamizi kaniambia mafundi wake siyo wagonjwa. Kesho asubuhi nisipofika na maandazi, kazi ya chai ya pale anampa Simaloi, yule mwenzangu tunayegombania wateja. Na unajua ile saiti ndiyo inayolisha nyumba hii. Ngano ninayo, nusu gunia liko uvunguni, nalilinda kuliko watoto. Nimebakiza mafuta tu. Kwa hiyo nimtume bodaboda saa ngapi aje kuchukua?

NAFTALI: Ngoja nikueleze kwa utaratibu.

MAGRETH: Utaratibu wa nini? Ulishindwa mnada?

NAFTALI: Nilishinda. Usinidharau. Watu wa mjini walijaa, magari yamepaki mpaka kwenye migomba ya watu—

MAGRETH: Walikuja kusali?

NAFTALI: Walikuja saa ya matangazo. Yule Calvin mnadi kalinyanyua dumu juu, kanisa zima likanyamaza kuliko wakati wa sala. Wakataja bei, nikapandisha. Wakapandisha, nikapandisha. Mama mmoja alinibana sana, lakini mwisho kakaa chini. Nikaenda mbele nikalishika kwa mikono yangu hii.

MAGRETH: Mungu akubariki, kaka. Mbona ulitaka kuniua kwa presha? Sasa bodaboda—

NAFTALI: Nimesema ngoja. Nilipolishika, Calvin kauliza kwenye spika, kama anavyouliza kila mtu. Mzee wetu, unakwenda nalo nyumbani au unamtunza mchungaji?

MAGRETH: Ukasema unakwenda nalo nyumbani.

[Naftali anakohoa]

MAGRETH: Kaka. Ukasema unakwenda nalo nyumbani.

NAFTALI: Magreth, mimi ni mzee wa kanisa. Kahawa yangu imelala ghalani, wanunuzi wanasema nauli imepanda, hawaji. Kila Jumapili natoa mkungu wa ndizi, na kila mtu usharikani ana ndizi. Calvin akiunadi watu wanaangalia saa. Leo nimesimama pale na dumu zima la mafuta, watu wote wananitazama, mama mchungaji kakaa mbele kabisa. Ungekuwa wewe ungesema nini?

MAGRETH: Ningesema siyo langu.

NAFTALI: Nililitoa kwa jina lako. Nilitamka wazi, hii ni sadaka ya dada yangu Magreth. Wamekuombea. Kina mama wamekupigia vigelegele.

MAGRETH: Vigelegele vinakaanga?

NAFTALI: Baraka zake utaziona.

MAGRETH: Nizione kabla ya alfajiri basi. Nenda kwa mchungaji sasa hivi, mwambie kulitokea makosa, mzee wa kanisa alilewa makofi.

NAFTALI: Haliko kwa mchungaji. Naye kasema hawezi kula mafuta waumini wake wakiwa hawana. Kalirudisha mnadani palepale.

MAGRETH: Kumbe kuna mmoja mwenye akili huko juu. Ukalinunua tena.

NAFTALI: Kwa hela ipi? Yako ilikuwa tayari kwenye sahani ya sadaka. Kalichukua yule mama aliyenibana mwanzoni. Calvin kamuuliza anamtunza nani, kajibu anajitunza mwenyewe. Kapanda bodaboda, huyo.

MAGRETH: Mama wa wapi?

NAFTALI: Wa huko kwenu mjini. Ana mgolole mwekundu, pengo la mbele, na sauti ya kuitia ng'ombe.



MAGRETH: Pengo la juu?

NAFTALI: La juu. Unamjua?

MAGRETH: Huyo ndiye Simaloi.

NAFTALI: Aisee.

MAGRETH: Usiniambie aisee. Nilikupa hela uninunulie mafuta, umemwachia Simaloi. Kesho atakaanga mlangoni kwangu, nisikie harufu nikiwa kitandani.

NAFTALI: Basi nikutumie ndizi. Mikungu miwili, mitatu, sema wewe.

MAGRETH: Nizikaange na nini?

NAFTALI: Zichemshe basi.

MAGRETH: Kaka, mimi sitanii. Chai ya saiti ikienda, sina kingine. Nitafunga nyumba nije kwako na watoto watatu.

NAFTALI: Njooni. Nyumba ni ya baba yetu sote. [anashusha sauti] Tena unikute nikiwa hai, maana wifi yako hasemi na mimi tangu tutoke kanisani. Alikwenda na kikopo kwenye mkoba. Alitegemea ungemwachia kikombe kimoja. Sisi wenyewe hapa hatujui mafuta yana rangi gani.

MAGRETH: Na wewe hukulijua hilo ulipokuwa mbele na spika?

NAFTALI: Nililijua. Ndiyo maana linaniuma, Magreth. Niliona tu watu wananitazama, nikajisikia mtu.

MAGRETH: [anavuta pumzi] Pole. Sitakusamehe leo, lakini pole.

NAFTALI: Haya.

MAGRETH: Subiri, kuna mtu anabisha hodi. Usikate, salio bado lipo. [sauti mbali] Karibu. ... Ee? ... Weka chini kwanza, hilo ni zito.

NAFTALI: Nani huyo? Magreth?

MAGRETH: Ni Simaloi. Kaja na dumu.

NAFTALI: Kaja kukuringishia?

MAGRETH: Kazunguka mjini kote hajapata ngano. Kasikia mimi ninayo. Anasema yeye ana mafuta hayana kazi, mimi nina unga hauna kazi, tukaange pamoja kesho, saiti tugawane.

NAFTALI: Unaona? Sikukwambia baraka utaziona? Zile sala za jina lako hizo—

MAGRETH: Ngoja, ananisimulia ibada yenu. [sauti mbali] Nani? ... Rudia hilo. ... Kaka.

NAFTALI: Naam.

MAGRETH: Anasema kuna mzee mmoja mkaidi kampandishia bei mpaka basi, halafu kasimama kwenye spika kasema, hii ni sadaka ya mzee Naftali na familia yake. Kapigiwa makofi mpaka kavua kofia. Nimemuuliza kama alisikia jina la Magreth. Anauliza Magreth yupi.

NAFTALI: Haloo? Magreth? Sikusikii vizuri, huku mtandao—

MAGRETH: Sikiliza haraka, salio linakwisha. Tuma ndizi na bodaboda, sasa mafuta ya kuzikaangia ninayo. Akirudi atakuja na kikombe cha mafuta cha wifi. Mwambie kimetoka kwa Magreth. Litamke kwa sauti, kama ulivyolitamka kanisani.

NAFTALI: Haloo? Haloo? Unakatika—

MAGRETH: Sikatiki, kaka. Namsikia wifi hapo pembeni anachek—