Mwalimu Bernadeta Mkude na Hesabu Alizokataa Kuzitubu

Huyu tunayemlaza leo hapa Mlali, shambani kwake, ni Mwalimu Bernadeta Pius Mkude. Kabla wasifu huu haujachapwa, baadhi ya ndugu walituomba, kwa nia njema, turuke habari za grafu zake za soko la hisa ili mazishi yaende kwa utulivu. Familia ilikaa, ikakataa. Akiwa hai aliitwa mpiga ramli, na hatuko tayari kumzika na jina hilo.

Marehemu alizaliwa Mgeta, milimani Uluguru, tarehe 14 Machi 1946, mtoto wa tatu wa Mzee Pius na Mama Veronika. Alisoma shule ya misheni huko huko, kisha chuo cha ualimu, akahitimu mwaka 1966. Kwa zaidi ya miaka thelathini alifundisha hesabu mkoani Morogoro. Wanafunzi wake wanakumbuka alivyokuwa akikataa jibu sahihi lisilo na njia. "Umefikaje hapo?" aliuliza, na asiyejua alirudi ubaoni.

Mwaka 1970 alifunga ndoa na Yeremia Banzi, fundi mitambo wa kiwanda cha nguo. Kiwanda kilipobinafsishwa, mumewe akapunguzwa kazini. Soko la hisa lilipofunguliwa Dar es Salaam mwaka 1998, kiinua mgongo wakakinunulia hisa. Ndipo Mwalimu alipobandika karatasi za grafu ukutani, sebuleni kwao Mwembesongo, akawa anachora bei kutoka gazetini.

Alitumia vitu viwili. Cha kwanza ni namba za Fibonacci, ambazo kila moja ni jumla ya mbili zilizoitangulia: tatu, tano, nane, kumi na tatu. Alikuwa amesoma kwamba bei hupenda kugeuka siku zikitimia hesabu hizo. Cha pili ni wastani unaosogea: unajumlisha bei kadhaa za mwisho, unagawa kwa idadi yake, na kila bei mpya ikiingia, ya zamani kabisa inatoka. "Fibonacci inaniambia lini nifumbue macho," alisema. "Wastani unaniambia ninachokiona."

Mara ya kwanza alikosea. Bei ziliposhuka, aliwaambia akina mama wa jumuiya yake ya kanisani, ambao nao walikuwa na hisa, kwamba siku ya kumi na tatu zingegeuka. Siku ikafika, zikazidi kushuka, mtaa ukacheka. Alikuwa amehesabu kama tunavyohesabu siku za msiba, kila jua linapochomoza, na soko wakati ule lilifanya kazi siku chache tu za wiki. Akarudi kwa akina mama wale wale. "Nimekosea. Anayepeleka kabichi gulioni hahesabu siku, anahesabu magulio. Tusubiri gulio la kumi na tatu, msiuze kwanza." Safari hii bei ziligeuka karibu kabisa na pale alipopasema.

Hapo ndipo jina lilipozuka. Alipokosea walimcheka, alipopatia wakasema ni ramli. Jumuiya, ambayo yeye alikuwa mwenyekiti wake, ikamtaka atubu hadharani. Akasimama. "Dhambi zangu nitazitubu, na ni nyingi. Hesabu siwezi kuitubu." Wakamvua uenyekiti. Jumamosi iliyofuata, siku ya sala ya jumuiya, aliwahi kuliko wote, akaketi mkeka wa mbele. Iliuma, tusidanganyane, mumewe alimsikia akilia jikoni. Lakini grafu hazikutoka ukutani.

Kisukari kiligundulika mwaka 2001. Oktoba mwaka huu alilazwa. Asubuhi moja daktari alimwambia Rosa, binti yake aliyekuwa akimuuguza, kwamba sukari imeshuka na huenda wangerudi nyumbani. Rosa akafurahi.

"Usishangilie ya leo, mwanangu," mama akamwambia. "Chukua na za nyuma, jumlisha, gawa. Kisha sogea siku moja, ufanye tena."

Rosa akakokotoa. Wastani ulikuwa unapanda tu.

"Basi, kaniitie padri."

Padri akaja, akamuungamisha, akampaka mafuta matakatifu. Kesho yake alfajiri, Jumanne tarehe 9 Novemba 2004, Mwalimu alifariki dunia akiwa na akili zake timamu, mumewe amemshika mkono. Mliosema hesabu zile zilimtenga na Mungu, sikieni leo mbele ya jeneza lake: hesabu zile ndizo zilizomwita padri kwa wakati.

Ameacha mume, mabinti wawili, Rosa na Josephine, wajukuu, na wanafunzi wengi, wakiwamo waliombeba kuja hapa. Mwenyezi Mungu ampumzishe salama Mwalimu Bernadeta, na ubishi wake atuachie sisi.