Barafu Niliyoitia Mimi

Mheshimiwa mgeni rasmi, mkuu wa kituo chetu cha utafiti, wazee wetu mliotoka Rhotia na Buger, ndugu wageni waalikwa, wafanyakazi wenzangu, na wewe Mama Hyasinta, ambaye tumekusanyika hapa kukuaga: shikamooni mnaostahili shikamoo, na wengine habari za mchana.

Jina langu ni Patrisi. Mimi ndiye mbeba masanduku wa maabara hii. Kwetu ni Ukerewe, shule niliishia darasa la tano, kwa hiyo mtanivumilia. Bwana Hilary wa utawala ameniambia nina dakika tano, niseme asante kwa niaba ya vibarua, kisha nikae. Asante nitaisema. Lakini nina jambo jingine, na nisipolisema sasa, mama ataondoka nalo kwenda kwao Mbulu.

Kwenye ratiba mliyogawiwa mlangoni imeandikwa kwamba anastaafu kwa hiari yake. Je, kuna mtu humu ukumbini anayeamini hivyo?

Ile mashine mliyoiona barazani, iliyokwisha kupigiliwa mbao ili irudishwe ilikotoka, wataalamu wanaiita saitometa. Mimi kazi yake niliielewa siku mama alipomweleza Mzee Moloimet, bomani kwake Endulen. Tulikuwa tunatafuta sababu ya ile homa ya maziwa mabichi: kwa nini watu wa boma moja wanywe kibuyu kimoja, huyu alale miezi, yule aendelee kuchunga?

Mama akamuuliza, "Mzee, ng'ombe wako kwenye josho wanapitaje?"

"Mmoja mmoja."

"Basi na chembe za damu yako ni hivyo hivyo. Tunazitia rangi, kila aina na rangi yake, halafu zinapita moja moja mbele ya mwanga mkali. Rangi ikipigwa na mwanga inawaka, na mashine inahesabu: hizi zinapigana na homa, hizi zimechoka, hizi hazijui hata kama kuna vita."

Mzee akacheka. "Kumbe mmeleta mchungaji asiyesinzia! Na huyo anakula nini?"

"Umeme, mzee. Na anachagua sana chakula."

Wakacheka wote, wakatoa mikono. Watu arobaini na mmoja walitolewa damu wakiwa na homa, na baada ya miezi mitatu wakatolewa tena, ili damu ya kwanza ilinganishwe na ya pili. Mke wa mzee, Nanyokie, alikuwa mmoja wao, naye homa ilikuwa haijamwacha. Mzee aliniomba kitu kimoja tu: "Mkijua, mniambie."

Damu hiyo ya pili nilikabidhiwa mimi. Mama alibaki bomani kumalizia kazi, akaniambia mbele ya dereva, "Patrisi, hii isipate jua na isipate baridi. Iwe kama iko ndani ya nyumba." Tulipoondoka gari likafa njiani, jua la saa nane likiwa juu yetu. Nikagusa sanduku, nikaona linapata moto. Ndugu zangu, kabla ya kuja huku nilipakia samaki miaka kumi na mmoja. Samaki akipata joto unafanya nini? Nilirudi kwa miguu hadi duka la soda, nikanunua barafu, nikaiponda, nikazifukia zile chupa za damu mpaka shingoni, kama ninavyofukia sangara. Nikajiona nimefanya kazi ya mwanaume.

Mama aliporudi kutoka bomani akafungua sanduku hapa maabara, hakupiga kelele.

"Barafu hii nani kaitia?"

"Mimi, mama. Nimeiokoa isiharibike."

Akaketi chini, sakafuni. "Patrisi, hizi zilitakiwa zifike zikiwa hai."

Akajaribu hivyo hivyo, siku mbili. Kumbe chembe ikishakufa haichagui rangi, inashika rangi yoyote inayopewa. Mashine ikawaka kila mahali, na haikusema kitu. Damu ya kwanza nayo, bila ya pili, ikawa haina maana.

Taarifa ilipoandikwa, mama aliandika kwamba kosa ni la msimamizi wa sampuli. Msimamizi ni yeye. Nilimuuliza kwa nini. Akanijibu, "Mimi watanionya. Wewe watakufukuza." Alikosea. Hawakumwonya. Wafadhili walisema kituo hakiaminiki, mashine ikafungwa, na mwanamke aliyesoma chembe za damu miaka ishirini na sita akapewa barua iliyoandikwa "hiari".

Na mimi nilifanya nini? Nilinyamaza miezi minane. Mzee Moloimet alikuja getini mara mbili, nikamwambia, "Bado, mzee, mashine inafanya kazi." Mara ya tatu hakuja kuuliza. Alikuja kusema tusikanyage tena bomani kwake, kwa sababu mtu hatolewi damu mara mbili ili adanganywe mara mbili. Leo amealikwa, hakuja. Nanyokie bado analala na homa, na hakuna anayejua kwa nini.

Mheshimiwa, karatasi hii nimeiandika kwa mkono wangu, na dereva Supeet ameweka sahihi kuwa ni kweli. Naiweka mezani kwako. Naomba iingie kwenye faili la mama, juu ya ile taarifa. Najua haitafungua zile mbao, haitafufua chembe hata moja, na Endulen hakuna atakayetutolea mkono tena. Najua pia kwamba kesho sitakuwa na kazi. Lakini kosa lile lina mwenyewe.

Mama Hyasinta, kwa niaba ya vibarua wote, asante. Naona unanitikisia kichwa nikae. Miaka yote nimekutii, isipokuwa siku ya barafu na leo. Usinitetee tena, mama.

Ndugu zangu, nimemaliza. Nawashukuru kwa kunisikiliza mpaka hapa.